Zeddy Anataka Maksi

Ukitaka kumpata Zeddy huna haja ya kuuliza njia. Shuka pale Rongai, pita maduka ya mbolea, ufuate mlio wa kinu cha posho, na juu ya mlio huo utasikia mtu anaghani shairi. Huyo ndiye. Amesimama katikati ya vumbi la unga, kitambaa kichwani, nyusi nyeupe pe, mkono mmoja unasukuma mahindi yaingie kinuni na mwingine uko hewani, akiwapa wateja mistari ambayo hawakuiomba. Wenye madebe yao kwenye foleni wamezoea. Mgeni akishtuka na kuuliza yule mama ana shida gani, huambiwa, "Hana shida. Anajitayarisha. Tamasha ni Agosti."

Kinu chenyewe ni cha dizeli, cha zamani, kilichoachwa na marehemu mumewe Jonah. Kikinguruma, mabati ya kibanda yote hutetemeka, na mtu anayetaka kusema neno hapo ndani lazima alitoe kifuani kwa nguvu zote. Zeddy amesema maneno yake hapo kwa miaka na miaka. Ndiyo maana hata akikuomba chumvi mezani utadhani unaitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Tamasha wanalolisema ni lile la muziki, hotuba na maigizo linalofanyika kila mwaka katika ukumbi mmoja wa kanisa mjini Nakuru. Si la wasanii wa kulipwa. Huja kwaya za akina mama kutoka Gilgil, wazee wa hotuba kutoka Molo, vijana wa Naivasha na mchezo wao wa kuigiza ambao kila mwaka lazima mtu azimie jukwaani. Na huja Zeddy, katika shairi la mtu mmoja, watu wazima.

Mara ya kwanza alikwenda kama mtazamaji tu. Jirani yake Nyakio, anayeuza sukumawiki na nyanya kando ya kinu, alikuwa anaimba alto katika kwaya ya kanisa lake, akamburuta aende kuwapigia makofi. Zeddy alidhani itakuwa kama kanisani: mtu anaimba vyovyote, watu wanapiga makofi, pasta anasema Mungu awabariki. Wapi! Kwaya ya kina Nyakio ilipomaliza, alisimama mwamuzi, mzee mwembamba aliyeitwa Mwalimu Wanyoike, akawaambia wale mama usoni mwao kwamba sauti ya kwanza ilipotea njia katika ubeti wa pili, haikurudi tena mpaka wimbo ukaisha. Kisha akawataja maksi zao. Na wale mama wakasema asante.

Zeddy alibaki ameshika karanga zake mkononi bila kuzila. Jambo lile lilimwingia. Hebu fikiria maisha yake: shule aliiacha darasa la sita mamake alipougua, na mtihani ambao wenzake waliufanya ulimkuta yeye na jembe katikati ya mahindi. Akaolewa na Jonah, mtu mwema kabisa, ambaye neno lake lilikuwa moja tu, sawa. Ugali ukiiva vizuri, sawa. Ukiungua, sawa. Jonah alipofariki, watu wakamwambia Zeddy pole. Alipomlea mtoto wake Kimeli peke yake mpaka akaajiriwa benki, wakamwambia hongera. Pole, hongera, asante, ubarikiwe. Amezipata hizo mpaka zikamtosha. Lakini katika utu uzima wake wote hakuna binadamu aliyewahi kumwambia amepata ngapi kwa mia.

Mwaka uliofuata akajiandikisha. Akapata hamsini na moja, akawa wa mwisho, na Mwalimu Wanyoike akamwambia mbele ya ukumbi mzima, "Mama, unatupigia kelele. Sisi si viziwi." Nyakio alitoa leso tayari kumfuta machozi rafiki yake. Machozi gani? Zeddy alirudi Rongai akiimba, akachukua chaki, akaandika 51 juu ya injini kwenye ukuta wa mabati, kubwa, mahali ambapo kila mwenye debe ataiona. Tangu hapo huandika kila mwaka. Maksi zimepanda, zimeshuka, mwaka jana zilifika sitini na mbili. Mwalimu Wanyoike pia humkata kwa matamshi, maana neno debe likitoka kinywani mwa Zeddy huwa limekaribia sana kuwa tepe. Hapo Zeddy humjibu kwa heshima zote kwamba mdomo aliopewa ni huo, na yeye mwalimu aendelee tu kukata.

Taabu ilianzia hiyo hiyo sitini na mbili. Kijana mmoja ukumbini alimrekodi kwa simu, video ikaanza kutembea, ikatembea mpaka ikafika kwenye benki ya Nakuru anakofanya kazi Kimeli. Wenzake wakaicheza saa ya chakula cha mchana bila kujua yule mama anayepasua paa ni wa nani. Kimeli alicheka pamoja nao. Halafu akaenda chooni akakaa huko mpaka saa ya kurudi kazini. Anampenda mamake, hilo halina ubishi, na kwa sababu anampenda akaanza kutafuta njia ya kumwondoa pale jukwaani bila kumuumiza. Akampigia simu Ndegwa, mwenyekiti wa tamasha. Ndegwa naye ni mtu wa roho safi, wale watu wanaoweza kukukata mguu huku wanakupa pole. Wakalipika jambo lao wawili hao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya baridi. Zeddy alifika na Nyakio, amevaa gauni la kitenge cha kijani, shairi lake jipya liko kichwani limetulia. Mlangoni kila mshindani alikuwa anapewa kikaratasi chenye namba, anakibandika kifuani kwa pini. Zeddy alinyoosha mkono apewe yake, akapewa mkono wa Ndegwa.

"Karibu Mama, karibu sana! Leo hakuna kupanga laini. Leo wewe ni mgeni wetu. Twende mbele."

Mbele, kando ya jukwaa, palikuwa na kochi. Kochi kubwa la rangi ya kahawia lililobebwa kutoka sebuleni kwa mtu, limetandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni na mikononi kama siku ya kuja wakwe. Zeddy akakalishwa. Ndegwa akashika maikrofoni. "Watu wetu, mwaka huu tumeamua ku-honour mama mmoja ambaye mnamjua. Ametutumikia sana. Kuanzia leo ataitwa Mama wa Tamasha. Sasa apumzike, awaachie vijana floor. Mpigieni makofi!"

Makofi yakapigwa. Wasichana wawili wakaja na sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao Wakalenjin humvisha shingoni mwanariadha aliyerudi na ushindi au mtu aliyemaliza jambo kubwa, wakamvisha. Zeddy alitazama pembeni akamwona Kimeli amesimama ukutani na simu, anapiga picha, anatabasamu tabasamu la mtu aliyevunja kikombe. Hapo akajua kila kitu.

"Namba yangu iko wapi?" alimuuliza Ndegwa kwa sauti ambayo yeye aliita ya chini.

"Mama, mgeni wa heshima hashindani. Tutakupa certificate nzuri, na mwishoni utatupatia neno la baraka."

Akakaa. Afanye nini? Kochi lenyewe lilikuwa la kumeza watu. Alizama mpaka magoti yakawa karibu na kidevu. Wengine walikuwa wanakunywa maji ya chupa, yeye akaletewa soda na mrija. Akaletewa na kipande cha keki kwenye sahani. Watu wakapita mmoja mmoja kumsalimia kwa mikono miwili huku wameinamisha vichwa, na Zeddy akakumbuka mara ya mwisho aliposalimiwa hivyo: ilikuwa matanga ya Jonah. Hasira ilimpanda. Hakuwa ametukanwa, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi, kwamba hakukuwa na tusi la kujibu. Walikuwa wamemzima kwa keki.

Nyakio alipita na kwaya yake wakielekea jukwaani, akainama kama anayemrekebisha kola. "Mama Kimeli, kwani umekufa? Mbona wamekupamba hivi?"

Zeddy hakucheka. Kimeli alikuja akaketi kwenye mkono wa kochi, juu ya kitambaa.

"Ni wewe," Zeddy akasema.

"Mama, hii ni heshima. Unajua ni watu wangapi wangependa..."

"Ni wewe ama si wewe?"

Kimeli akatazama viatu vyake. "Watu walikuwa wanakucheka, Mama. Ile video ilifika mpaka job. Boss mwenyewe aliicheza. Nilisikia vibaya."

"Ulisikia vibaya wewe. Mimi uliniuliza kama nilisikia vibaya?"

"Hapana."

"Walicheka wakamaliza?"

"Walimaliza."

"Basi. Kucheka kunaisha wanarudi kazini. Hapa kwa kochi mimi nitarudi wapi?"

Kimeli akakinyoosha kile kitambaa alichokikalia, akarudi ukutani.

Ikafika zamu ya shairi la mtu mmoja, watu wazima. Zeddy alisikiliza wote. Namba moja alisahau maneno akaanza upya. Namba tatu, mwanamume wa Naivasha, alighani vizuri mpaka Zeddy akamwonea wivu. Namba sita alilia kabla ya wasikilizaji. Kisha Ndegwa akaita, "Namba saba, kutoka Kariandusi." Kimya. Kanuni ya tamasha inajulikana: mshindani huitwa mara tatu, asipotokea nafasi yake inapita. "Namba saba, Kariandusi!" Watu wakageuka kutazama mlango. "Kwa mara ya mwisho, namba saba."

"Huyo wa Kariandusi hayuko," ikasema sauti ambayo haikuhitaji maikrofoni. "Mimi niko."

Kuinuka kutoka kwenye kochi lile haikuwa kazi ya mchezo. Zeddy alijisukuma kwa mikono yote miwili, akarudi chini, akajisukuma tena, akasimama. Akaivua ile sinendet shingoni, akailaza vizuri juu ya kitambaa mahali alipokuwa amekaa, akapanda jukwaani.

Ndegwa alimkimbilia, maikrofoni ikiwa bado inafanya kazi mkononi mwake, kwa hiyo ukumbi wote ulisikia. "Mama, hapana, kaa tu. Utasema baraka mwishoni."

"Baraka mtapewa na pasta. Mimi nimekuja na shairi."

"Lakini huna namba."

"Si ni wewe ulininyima?"

"Mama, tafadhali. Hata sinendet tumekuvisha..."

"Kwetu hiyo huvishwa mtu aliyemaliza. Amekimbia akafika, ama amefanya kazi ikaisha. Mimi nimemaliza nini, Ndegwa? Niambie, hata mimi nijue."

Mtu mmoja nyuma akacheka, lakini peke yake, akanyamaza. Ndegwa akageukia meza ya mwamuzi kama mtoto anayetafuta mkubwa wa kumsaidia. Mwalimu Wanyoike alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akairudisha.

"Nafasi ya namba saba iko wazi," akasema. "Na saa inakwenda."

Zeddy akaanza. Alianza vilevile anavyoanza kila mwaka, kwa sauti ya kupigana na dizeli, mkono hewani. Vijana wakainua simu zao. Kimeli akairudisha yake mfukoni. Shairi lilikuwa juu ya kinu chake, jinsi watu wanavyomshauri akiuze vyuma chakavu, na ubeti wake wa mwisho ulikuwa huu:

*Kinu changu cha mabati, wasema kimechakaa,*
*Kikohozi hakisiti, moshi wake unapaa,*
*Hata mje kwa umati, halali mtu na njaa,*
*Mnipe hoja ya dhati, nikizime nikakaa.*

Alipofika mstari ule wa mwisho, macho yake yaliangukia kochi. Jambo likatokea ambalo hakulipanga. Sauti ilishuka. Alikuwa ameutunga ule mstari apasue nao paa, na badala yake aliusema polepole, kama mtu anayemuuliza jirani swali na kweli anataka kujibiwa. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba alijisikia mwenyewe. Hakuwahi kujisikia hivyo. Kwake kila siku kuna injini.

Wa mwisho wao alipomaliza, Mwalimu Wanyoike alisimama na karatasi zake. Alimsifu wa Naivasha, akamkosoa aliyelia, akampa kila mmoja maksi zake. Wakati huo Ndegwa alikuwa amekwisha kumnong'oneza mwalimu kitu sikioni, na Zeddy alikuwa ameona. Alipofika nafasi ya saba, mwalimu alisita. "Na Mama yetu wa Tamasha," akasema, "tunamshukuru. Ametubariki. Tunaendelea na..."

"Mwalimu." Zeddy alikuwa amesimama. "Maksi."

"Mama, kwa sababu hukuwa umeandikishwa..."

"Kila mwaka unanikata bila huruma. Leo umenihurumia. Nimekukosea nini?"

Mwalimu Wanyoike aliziweka karatasi zake mezani. Mimi nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, maana kwa kawaida watu humlalamikia kwa kuwakata. Akaketi. Akachukua karatasi nyeupe, akaandika, watu wote wakimngoja, akasimama tena, na safari hii uso wake ulikuwa ule ule Zeddy anaoujua, mkavu kama mahindi ya Januari.

"Namba saba. Ulianza kwa kelele kama kawaida. Mkono wako wa kulia unafukuza nzi ambao sisi hatuwaoni. Matamshi sitayarudia, unajua. Katika ubeti wa pili uliruka mstari."

"Sikuruka."

"Uliruka."

Zeddy akafikiri. "Niliruka," akakubali.

"Katika mstari wa mwisho ulishusha sauti. Huo peke yake nimeusikia kama shairi. Mengine yote umeyasema kama mtu anayeita ng'ombe. Mwakani uanzie pale ulipoishia leo." Akainamia karatasi. "Hamsini na nane."

Alikuwa wa mwisho tena, na chini ya mwaka jana. Zeddy alipiga makofi. Alijipigia mwenyewe, kwa nguvu, viganja vyake vipana vikilia kama mbao, na Nyakio akajiunga kule nyuma, halafu kwaya nzima ya kina Nyakio. "Mwakani," aliwaambia waliokuwa karibu naye, kana kwamba hawakusikia. "Amesema mwakani." Alipita mbele ya kochi bila kuligusa, akaenda kuketi kwenye viti vya plastiki pamoja na washindani wengine. Certificate ya Mama wa Tamasha ilibaki mkononi mwa Ndegwa, na ile soda ikanywewa na mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi foleni ya kinu ilikuwa ndefu. Kimeli alikuja kabla ya kwenda kazini, na tai yake shingoni, akasimama mlangoni akijikinga na vumbi la unga. Zeddy alimwona akajifanya hakumwona mpaka alipomaliza debe la mteja.

"Imefika tena," Kimeli akasema kwa kelele. "Video. Waliituma jana kwa group ya job."

"Wakacheka?"

"Wakacheka. Halafu mmoja akauliza ulipata ngapi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Nikamwambia pia huyo ni mama yangu."

Zeddy alimtazama mwanawe kuanzia tai mpaka viatu. Kisha akatoa kipande cha chaki mfukoni mwa aproni, akampa, akamwonyesha ukuta. Kimeli akapanda juu ya gunia, akaandika 58 karibu na 62, ndogo, nadhifu, mwandiko wa benki. Zeddy akaifuta kwa kiwiko.

"Kubwa," akasema.

Akaandika kubwa. Mwanamke mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Mama Kimeli, imeshuka!"

"Naona!" Zeddy akajibu. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya foleni ikiwa imesimama. Alizima kinu. Watu wakaanza kunung'unika, wengine wana watoto wa kupeleka shule, mmoja akauliza kama dizeli imeisha.

"Haijaisha. Mngojee kidogo," Zeddy akasema. "Nina kazi ya mwakani hapa."

Akajipangusa unga mdomoni, akaanza shairi kutoka mstari wa mwisho, kwa sauti ya chini, mpaka wenye madebe ikabidi wasogee karibu ndio wasikie. Alipomaliza aliurudia mstari ule mara moja zaidi, hakuridhika, akakiwasha kinu na kuita, "Haya, nani anafuata?"